Kabla hujanunua kiyoyozi, jua mtoto wako anahitaji hewa ipi

Februari ni mwezi mgumu Tanga. Kaskazi imechoka, upepo wa bahari unafika Nguvumali ukiwa moto, na usiku watoto wanageukageuka kitandani mpaka shuka linalowa jasho. Katika siku za namna hiyo alinijia kliniki mama mmoja wa mtaani kwetu, amemshika mkono mwanawe wa miaka sita mwenye pumu. Mtoto alikuwa akikohoa, kifua kinatoa mlio kama filimbi. Ilikuwa mara yake ya tatu ndani ya mwezi mmoja.

"Shikamoo dokta," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaendelea: "Mimi nimefanya kama ulivyoniambia. Nimepokea mchezo, nimemnunulia AC. Mbona ndiyo kwanza anazidi?"

Nilishtuka, maana sikumbuki kumwambia mzazi yeyote anunue AC. Tukarudi nyuma polepole. Nilichomwambia mwezi Desemba ni kwamba mtoto alale kwenye chumba chenye hewa safi. Basi. Sikueleza hewa safi ni ipi. Mama akaenda dukani, akasema daktari anataka mtoto apate hewa safi, muuzaji akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya AC. Ikafungwa. Madirisha yakafungwa nayo, mianya ikazibwa kwa vitambaa ili baridi isitoke. Jioni, kwa kuwa mbu wa Nguvumali hawana adabu, dawa ya mbu ya kuchoma ikawashwa chini ya kitanda. Siku ya Ijumaa ukafukizwa na udi.

Sikumlaumu mama yule. Nilijilaumu mimi. Kwa hiyo leo nataka kulipa deni, nikueleze wewe mzazi na wewe mgonjwa kile ambacho sikumweleza yeye: kiyoyozi kinapoza hewa, lakini hakileti hewa mpya. Ukilishika hilo, utajua kama unakihitaji, utajua ununue kipi, na utajua ukiishi nacho vipi.

Hewa ni ile ile, inazunguka

Viyoyozi vingi vinavyofungwa majumbani kwetu vina sehemu mbili: moja ukutani ndani ya chumba, nyingine nje. Watu wengi wanaamini kwamba ile ya nje inavuta hewa ya nje na kuiingiza ndani. Sivyo. Mabomba yanayounganisha sehemu hizo mbili yanapitisha gesi ya kupozea, hayapitishi hewa ya kuvuta. Sehemu ya ndani inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, unyevu unageuka maji na kutoka kwa kibomba chake, kisha hewa ile ile inarudishwa chumbani. Sehemu ya nje kazi yake ni kutupa joto.

Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi. Kupunguza joto na unyevu ndiyo kazi aliyoifanya siku hiyo, na ndiyo anayoifanya mpaka leo mjukuu wake aliyeko ukutani kwako.

Sasa fikiri chumba kilichofungwa. Moshi uliomo unabaki. Harufu ya rangi mpya inabaki. Vijidudu vya mtu anayekohoa vinabaki na kuzunguka. Kichujio cha kawaida cha AC kinashika vumbi kubwa tu. Hakizuii moshi wala vijidudu vya kifua kikuu. Na dawa ya mbu ya kuchoma si kitu kidogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembe laini za moshi sawa na zinazotoka kwenye sigara 75 au zaidi. Mtoto wa pumu aliyelala juu yake, madirisha yamefungwa, hahitaji adui mwingine.

Nani hasa anahitaji ubaridi

Sisemi kiyoyozi ni anasa tupu. Wapo wagonjwa ambao kwao joto ni hatari ya kweli. Wazee, hasa wanaoishi peke yao. Wenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri. Wenye ugonjwa wa figo. Waliopooza na hawawezi kujigeuza wala kujichotea maji. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, na baadhi ya wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, ambazo hupunguza uwezo wa mwili kutoa jasho. Kama nyumbani kwako yupo mmoja wa hawa na uwezo unao, chumba chake ndicho cha kwanza kupewa kiyoyozi, kabla ya sebule ya wageni.

Lakini kila ugonjwa una sharti lake. Chukua selimundu, ambayo kwetu Tanzania si ugonjwa wa kusikia kwa jirani. Nyumba nyingi zinao. Mtoto mwenye selimundu huumizwa na joto kwa sababu linamkausha maji mwilini, na damu ikikosa maji maumivu huja. Lakini huumizwa vilevile na baridi ya ghafla, kwa kuwa mishipa ya damu hujikunja. Kumtoa mtoto huyo juani akitoka jasho na kumwingiza kwenye chumba cha nyuzi 18 ni kumtafutia usiku wa kilio. Chumba chake kiwe cha wastani, maji ya kunywa yawe karibu, na upepo wa mashine usimpige mwilini.

Mtoto njiti naye ni hivyo. Mwili wake hauwezi kutunza joto. Mahali pake ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wala si chini ya AC hata kama kaskazi inachoma.

Pumu iko katikati. Kiyoyozi safi kinapunguza unyevu, na unyevu ukipungua kuvu na wadudu wadogo wa kwenye godoro hupungua. Kiyoyozi kichafu kinapuliza vumbi na kuvu usiku kucha. Na hata kilicho safi, kikiwekwa baridi sana, hewa kavu ya baridi inaweza kuubana mrija. Zaidi ya hayo, mzazi, pumu haitibiwi na mashine ya ukutani. Inadhibitiwa na dawa ya kuvuta, hasa ile ya kinga ambayo mtoto huitumia kila siku hata akiwa mzima, kupitia chupa maalumu ya kuvutia. Kama fedha ni moja, ianze na dawa hiyo. Bei ya kiyoyozi kimoja inanunua dawa ya kinga ya miezi mingi.

Kama ndani yupo mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, usifikirie kiyoyozi kwanza. Mpeleke akapimwe kifua kikuu. Matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali. Mpaka majibu yatoke na dawa zifanye kazi, rafiki wa nyumba hiyo ni dirisha lililo wazi.

Na homa ya mtoto haitibiwi kwa rimoti. Mtoto akichemka usiku, chumba cha baridi kitamtuliza kidogo na kukutuliza wewe zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu malaria inaendelea kufanya kazi yake. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Nimeulizwa mara nyingi pia kama AC inaleta nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, hailetwi na ubaridi wenyewe. Ila chumba kilichofungwa chenye watu watano na mmoja wao ana mafua makali kinawasaidia vijidudu kusafiri. Bibi zetu waliogopa ubaridi. Cha kuogopa zaidi ni hewa isiyobadilishwa.

Anza na ya bei ndogo

Ukienda hospitali ya Bombo, tazama lile jengo kongwe la Wajerumani, Cliff Block, lililojengwa juu ya jabali likiitazama bahari. Waliolijenga hawakuwa na kiyoyozi. Walikuwa na veranda, madirisha makubwa na upepo. Nyumba za zamani za Waswahili nazo zilijua siri hiyo: madirisha yanayotazamana, ua nyuma, baraza mbele.

Sisi tumejenga vyumba vyenye dirisha moja, juu bati, chini yake hakuna dari. Bati linapigwa na jua kuanzia asubuhi, na usiku chumba bado kinachemka kama sufuria lililofunikwa. Ukifunga AC kwenye chumba hicho, unalipa umeme kupoza bati. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fanya haya kwa kadiri ya uwezo wako: weka dari, weka wavu wa mbu kwenye madirisha ili uweze kuyaacha wazi usiku, weka pazia nene upande jua linapozama, panda mti au jenga kibanda cha kivuli upande huo. Ukiwa mpangaji, wavu na pazia havihitaji ruhusa ndefu ya mwenye nyumba.

Kisha pangaboi. Shirika la Afya Duniani linasema feni inafaa kutumika maadamu joto liko chini ya nyuzi 40, na Tanga yetu haifiki huko. Pangaboi la kawaida likizunguka saa nane za usiku linakula takribani nusu uniti. Kwa mwezi ni kama uniti 15. Kwa mtu mzima mwenye afya na kwa watoto wengi, wavu, chandarua na pangaboi vinatosha.

Ukiamua kununua

Umepima, una mgonjwa anayehitaji au una uwezo na unataka kulala vizuri. Ni haki yako. Haya ndiyo ya kuuliza dukani.

La kwanza ni ukubwa. Pima chumba kwa mita, urefu mara upana, kisha zidisha kwa 600. Utapata makadirio ya BTU. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatoka 7,200, kwa hiyo mashine ya BTU 9,000 inatosha. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinahitaji 12,000. Usikubali maneno ya "chukua kubwa tu, itapoza haraka". Kubwa kupita kiasi hupoza haraka kweli, halafu inajizima kabla haijakausha unyevu, inawaka tena, inajizima tena. Unabaki na chumba cha baridi lakini chepechepe, na kwenye mji wa pwani hapo ndipo kuvu inapozaliwa.

La pili ni aina. Uliza kama ni inveta. Mashine ya kawaida ama inawaka kwa nguvu zote ama imezimika. Ya inveta hupunguza mwendo chumba kikishapoa, ikaendelea taratibu. Inakula umeme kidogo na inakausha unyevu vizuri zaidi. Bei yake dukani ni kubwa kidogo, lakini fanya hesabu ya LUKU. Mashine ya kawaida ya BTU 9,000 ikitumika saa nane za usiku inaweza kula uniti 4 hadi 5. Kwa mwezi ni uniti 120 hadi 150. Kwa takribani shilingi 350 kwa uniti, ni kati ya 42,000 na 52,500. Ya inveta iliyowekwa nyuzi za wastani inaweza kushuka hadi uniti 2 au 3 kwa usiku. Na kumbuka, kama nyumba yako iko kwenye bei ya matumizi madogo, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kiyoyozi karibu hakika kitakutoa humo, na kila uniti ya taa na friji nayo itapanda bei. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kulipa. Nimeona nyumba ambako AC iliingia na maziwa ya watoto yakapungua.

La tatu ni gesi. Soma kibandiko cha mashine. Ukiona R-22, iache. Ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea, yetu ikiwamo, zinatakiwa ziwe zimeiondoa kufikia mwaka 2030. Maana yake, kuijaza kutakuwa kugumu na ghali. R-32 ina madhara madogo zaidi kwa hali ya hewa kuliko R-410A. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii zinazoongeza joto duniani. Ndiyo sababu viyoyozi vingi vya mtumba vinavyoshushwa kwa bei ya kutupa ni mizigo ambayo wenyewe wanaikimbia. R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo ifungwe na kutengenezwa na fundi aliyesomea kazi hiyo.

La nne ni chumvi. Upepo wetu unabeba chumvi ya bahari, nayo inakula mapezi ya sehemu ya nje. Uliza kama yamepakwa kinga ya kutu. Na uliza vipuri vinapatikana Tanga au mpaka Dar es Salaam.

La tano ni umeme wa nyumba. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, na nyumba iwe na waya wa ardhini. Usikichomeke kwenye kiendelezi kinachoshea friji na televisheni. Weka na kifaa cha kulinda umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu.

Ukishakifunga

Weka nyuzi 26 au 27. Shirika la Afya Duniani linashauri 27 pamoja na feni, maana feni inakifanya chumba kihisiwe baridi zaidi kwa karibu nyuzi 4 na umeme mwingi unaokolewa. Ukihitaji blanketi nzito Tanga mwezi Februari, umepitiliza. Elekeza upepo juu, usimpige mtoto kichwani.

Fungua madirisha na mlango kila asubuhi na kila jioni kwa muda wa kutosha, hewa ya chumba ibadilike. Mkilala wengi chumbani, acha mwanya kidogo wenye wavu.

Ndani ya chumba hicho kusiwashwe dawa ya mbu, udi, sigara wala jiko la mkaa. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua kimya kimya, bila harufu ya kukuonya. Jenereta nayo ikae mbali na madirisha. Na chandarua kibaki palepale: ubaridi unampumbaza mbu, haumuui.

Osha kichujio kila baada ya wiki mbili kwa maji, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji fundi. Fundi aje kusafisha ndani angalau mara mbili kwa mwaka. Ukisikia harufu ya uvundo AC inapowaka, hiyo ni kuvu inakusalimia.

Mwisho, maji yanayotoka kwenye kibomba. Wengi wetu tunayakinga kwa ndoo, na si vibaya kuyatumia kupigia deki. Lakini ndoo iliyoachwa siku kadhaa bila kifuniko ni nyumba ya mbu anayeeneza dengue, naye huuma mchana. Mwaka 2019 dengue ilipozuka nchini, Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Mwaga maji hayo kila siku, au funika ndoo.

Neno kwa wenzangu

Madaktari na wauguzi, tunapomwambia mzazi "hewa safi", tumalizie sentensi. Tuseme: dirisha wazi, bila moshi, bila vumbi, chandarua juu ya kitanda. Maneno mawili yaliyoachwa hewani yalimgharimu mama mmoja zamu yake yote ya mchezo. Na ninyi wauzaji, mwenye duka anayemwambia mteja ukweli kuhusu mashine yake hapotezi biashara. Anapata mteja wa kudumu.

Mama yule aliniuliza swali moja kabla hajaondoka. "Basi dokta, fedha zangu zimekwenda bure?" Nikamwambia hapana. Tulianza dawa ya kinga ya kuvuta. Dawa ya mbu na udi vikatoka chumbani, wavu ukawekwa dirishani, kichujio kikaoshwa. Alikuta kimejaa vumbi la kijivu kama manyoya ya paka. AC sasa huwashwa saa chache za mwanzo wa usiku, nyuzi 27, kisha dirisha linafunguliwa na pangaboi linaendelea.

Mwezi Machi mtoto alikuja mara moja tu, siku ya miadi yake. Alikimbia kutoka mlangoni hadi mezani kwangu, na kifua chake kilikuwa kimya.